Jinsi leza na rada za angani zinavyopima kimo cha misitu

MTU akisimama ndani ya msitu wa Kakamega na kutazama juu, hawezi kusema kwa uhakika mti ulio mbele yake una urefu wa mita ngapi. Matawi ya chini humziba macho, na kilele chenyewe aghalabu hakionekani. Rubani anayeupitia msitu huo huo kwa ndege naye huona kijani kitupu kilichotanda kama zulia. Iwapo zulia hilo limetandikwa mita 40 juu ya ardhi au mita nne tu, jicho lake halimwambii.

Picha za setilaiti zina upofu uo huo. Tangu setilaiti ya kwanza ya Landsat irushwe na Marekani mwaka 1972, wataalamu wamekuwa wakitazama misitu ya dunia kutoka angani, na wameweza kusema palipofyekwa na palipobaki. Lakini kamera huona rangi. Haioni kimo. Msitu wa miaka 200 na kichaka kilichochipuka baada ya msitu kukatwa huweza kuonekana kwa kijani kinachokaribiana sana, ilhali tofauti yake ni kama ya mbingu na ardhi.

Ndiyo maana katika miongo miwili iliyopita juhudi nyingi zimeelekezwa kwenye swali linaloonekana dogo: kuna umbali gani kati ya ardhi na vilele vya miti? Jibu lake linategemea leza, rada na hesabu za kompyuta, na kila mojawapo ina mahali inapofaa na mahali inapodanganya.

KABONI NA PESA

Kimo cha mti si jambo la kujivunia tu, kama kimo cha mchezaji wa mpira wa vikapu. Mti unaporefuka, shina lake nalo hunenepa, hivi kwamba uzito wake huongezeka kwa kasi kuliko urefu wenyewe. Takriban nusu ya uzito wa mbao iliyokauka ni kaboni, ile ambayo majani yaliinyonya kutoka hewani. Kwa hivyo, anayejua kimo cha msitu na aina ya miti iliyomo anaweza kukadiria kaboni iliyohifadhiwa humo bila kuukata mti hata mmoja.

Na siku hizi kaboni huuzwa. Wakazi wa Gazi na Makongeni katika kaunti ya Kwale wanalijua hilo vyema, kwani mradi wao wa Mikoko Pamoja, ulioanza mwaka 2013, huuza kaboni ya mikoko na mapato yake yamesaidia kugharimia maji na shule za vijiji hivyo. Kwingineko barani, Gabon ililipwa dola milioni 17 za Marekani mwaka 2021, fedha zilizotoka Norway kupitia Mpango wa Misitu ya Afrika ya Kati, kwa sababu ya kuhifadhi misitu yake na kupunguza gesi zinazochafua hewa.

Mnunuzi wa kaboni hataki kuambiwa kwamba msitu ni mkubwa na unapendeza. Anataka takwimu, na anataka kujua takwimu hizo zilipatikana vipi. Anayeuza bila kuelewa kipimo huwa kama mkulima anayepeleka mahindi sokoni na kumwachia mnunuzi mizani.

PEMBE NA HESABU

Njia ya zamani ya kupima mti ingali inatumika, na ni rahisi kuieleza. Mpimaji husimama, mathalani, mita 20 kutoka shinani, akakitazama kilele kupitia kifaa kidogo kiitwacho klinomita ambacho huonyesha pembe. Pembe ikiwa digrii 45, basi kilele kipo mita 20 juu ya jicho lake. Akijumlisha umbali kutoka jichoni mwake hadi ardhini, amepata urefu wa mti.

Katika shamba la mikaratusi iliyopandwa kwa mistari, hesabu hiyo haina matata. Katika msitu wa asili mambo huwa mengine. Tawi lililo karibu hudhaniwa kuwa kilele, mteremko huharibu pembe, na mara nyingi haiwezekani kurudi nyuma mita 20 bila kuuzibia mti huo kwa miti mingine. Hata timu yenye bidii hupima vipande vichache tu kwa siku. Kuuzunguka msitu wote wa Mau kwa mtindo huo kungechukua umri wa mtu.

MSITU SI BATI

Mwanga husafiri takriban kilomita 300,000 kwa sekunde. Ukiigawa sekunde moja mara bilioni moja, katika kila kipande hicho cha wakati mwanga husonga sentimita 30 tu, yaani urefu wa rula ya mwanafunzi. Kifaa kinachoweza kuhesabu wakati kwa vipande vidogo kiasi hicho kinaweza kupima umbali kwa kutumia mwanga peke yake.

Hiyo ndiyo kazi ya lida, ambayo ni ndugu ya rada ila hutumia miale ya leza badala ya mawimbi ya redio. Kifaa hutoa mmweko mfupi mno wa leza kuelekea chini, kikaanza kuhesabu wakati na kungoja mwanga urudi. Kikiwa kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu, ambacho huzunguka dunia kikiwa takriban kilomita 400 juu yetu, safari ya kwenda na kurudi huchukua chini ya sehemu tatu kwa elfu za sekunde.

Mmweko huo ukiangukia paa la bati, hurudi karibu wote kwa pamoja. Lakini msitu si bati. Sehemu ya mwanga hugonga majani ya juu kabisa na kurudi mapema. Sehemu nyingine hupenya katika nafasi zilizo kati ya majani, ikagonga matawi ya katikati na kurudi baadaye kidogo. Nyingine hufika kwenye vichaka vya chini, na mabaki hugonga ardhi na kurudi mwisho.

Kifaa hurekodi mwangwi huo wote kama mchoro wa vilima vinavyofuatana. Kilima cha kwanza ni majani ya vileleni. Cha mwisho, ambacho kwa kawaida huwa chembamba na kilichochongoka, ni ardhi. Tofauti ya wakati kati ya mwanzo wa kilima cha kwanza na kilele cha kile cha mwisho ndiyo kimo cha msitu. Tuseme tofauti hiyo ni vipande 200 vya vile vya bilioni. Kwa kuwa mwanga umekwenda na kurudi, kila kipande ni sentimita 15 badala ya 30. Zidisha, na jibu ni mita 30.

Uzuri wa mchoro huo ni kwamba haumwambii mtaalamu kimo tu. Vilima vya katikati humweleza jinsi msitu ulivyopangika kwa tabaka. Msitu wa asili huwa na tabaka nyingi, zikiwemo za miti michanga inayosubiri mikubwa ianguke. Shamba la misonobari ya rika moja huonyesha kilima kimoja juu, utupu katikati, kisha ardhi. Hata mtu asiyejua chochote kuhusu mahali penyewe anaweza kutambua kipi ni kipi.

WALIODOWEA BARAFU

Cha kushangaza ni kwamba setilaiti ya kwanza kuleta vipimo vya namna hii kwa dunia nzima haikukusudiwa misitu. Iliitwa ICESat, na shirika la anga za juu la Marekani, NASA, liliirusha Januari 2003 ili ipime barafu ya Greenland na Antaktika. Njiani kati ya ncha mbili za dunia ilipitia misitu, na wataalamu wa miti wakadowea data hiyo.

Kila mmweko wa ICESat ulimulika doa lenye upana wa takriban mita 65, na kutoka doa hadi doa kulikuwa na mita 170. Leza zake zilizimika mwaka 2009. Mwaka uliofuata, Michael Lefsky wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Colorado alitoa ramani ya dunia ya kimo cha misitu iliyotokana na vipimo hivyo, na mwaka 2011 Marc Simard wa maabara ya JPL ya NASA pamoja na wenzake wakatoa nyingine ambayo kila kipimo chake kiliwakilisha mraba wa kilomita moja.

Zilikuwa ramani za maana, lakini madoa mapana yalizua tatizo la miteremko. Chukua doa la mita 65 lililoangukia kando ya mlima penye mteremko wa digrii 20, jambo la kawaida katika milima ya Aberdare. Ardhi iliyo upande wa juu wa doa hilo huwa karibu mita 24 juu kuliko ile ya upande wa chini. Mwangwi wa ardhi ya juu hurudi wakati mmoja na mwangwi wa majani ya miti iliyo chini, vilima vya mchoro vikachanganyikana, na nyasi tupu za mlimani zikaonekana kama msitu wa mita 20. Doa likipunguzwa hadi mita 25, kosa hilo hilo hushuka hadi mita tisa hivi. Halitoweki.

GEDI NA MISTARI YAKE

Chombo cha kwanza cha leza kilichobuniwa mahususi kwa ajili ya kupima misitu kutoka angani kilipelekwa kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu Desemba 2018. Kinaitwa GEDI, na mkuu wa utafiti wake ni Ralph Dubayah wa Chuo Kikuu cha Maryland. Leza zake tatu humweka mara 242 kwa sekunde, kila moja kwa mwanga usioonekana na jicho la binadamu. Kwa kuigawa miale na kuisogeza-sogeza, GEDI huchora mistari minane ya madoa ardhini. Kila doa lina upana wa mita 25. Katika mstari mmoja doa hufuatwa na jingine baada ya mita 60, na kutoka mstari mmoja hadi wa pili ni mita 600.

Msomaji atambue maana ya tarakimu hizo. GEDI haipigi picha ya msitu mzima. Hutoboa sampuli, kama vile mnunuzi wa mchele anavyochoma gunia hapa na pale kuona kilichomo. Kati ya mstari na mstari kuna mamia ya mita ambayo hayakuguswa, na msitu mdogo kama baadhi ya kaya za Pwani unaweza kupitwa na mistari michache tu.

Kwa kuwa kituo hicho cha anga za juu hakipiti kaskazini wala kusini zaidi ya digrii 51.6, misitu ya baridi ya Urusi na Kanada ya kaskazini haimo katika vipimo vya GEDI. Afrika yote imo. Machi 2023 chombo kiliondolewa mahali pake na kuwekwa kando ili kupisha kifaa kingine, kisha kikarejeshwa kazini Aprili 2024. Kwa hivyo kuna pengo la zaidi ya mwaka mmoja katika kumbukumbu zake, na anayelinganisha vipimo vya miaka hiyo hana budi kulikumbuka.

Setilaiti ya pili ya barafu, ICESat-2, ilirushwa Septemba 2018 na hutumia mbinu tofauti. Humweka mara 10,000 kwa sekunde kwa mwanga wa kijani na kuhesabu chembe za mwanga, yaani fotoni, moja baada ya nyingine. Katika kila mmweko hutoka fotoni takriban trilioni 20, na zinazorudi kwenye darubini yake ni kama dazani moja. Hufika hata misitu ya kaskazini ambayo GEDI haiioni, ingawa mchana mwanga wa jua huichanganya kwa kuongeza fotoni ambazo si zake.

Leza zote hizi zina adui mmoja: mawingu. Mmweko haupenyi wingu zito. Katika misitu ya Kongo na Gabon, ambako mbingu hufunikwa sehemu kubwa ya mwaka, mimweko mingi huishia mawinguni na kurudi bila habari.

MIKOKO KAMA RULA

Rada haijali mawingu wala usiku. Mawimbi yake hupita, na kiasi yanavyozama ndani ya msitu hutegemea urefu wa wimbi. Wimbi la sentimita tano au sita hurudishwa na majani na vitawi vya juu. La sentimita 24 hupenya zaidi. La sentimita 70 hupita majani kana kwamba hayapo, likagonga matawi makubwa na mashina.

Februari 2000, chombo cha Marekani cha Endeavour kiliizunguka dunia kwa siku 11 kikiwa na rada iliyokuwa na masikio mawili, moja chomboni na jingine kwenye ncha ya mlingoti wa mita 60. Kusudi lilikuwa kuchora ramani ya miinuko ya ardhi. Penye msitu, hata hivyo, rada hiyo haikuiona ardhi. Ilipima mahali fulani ndani ya matawi, juu ya ardhi na chini ya vilele. Kwa mchora ramani hiyo ilikuwa bughudha. Kwa mtaalamu wa misitu ilikuwa habari, ila ilikosa kitu kimoja: kujua ardhi yenyewe iko wapi.

Kuna msitu mmoja ambao ardhi yake inajulikana bila kupimwa, nao ni mikoko. Mikoko huota mahali ambapo bahari hujaa na kupwa, kwa hivyo ardhi yake iko karibu sawa na usawa wa bahari. Ramani ya Endeavour ikisema mahali fulani kando ya bahari pana mwinuko wa mita 12, na tunajua pana mikoko, basi mita hizo 12 karibu zote ni miti. Wataalamu walisahihisha tofauti iliyobaki kwa kutumia madoa ya leza ya ICESat na miti iliyopimwa kwa mkono. Binafsi sijaona hila safi zaidi ya hiyo katika taaluma hii.

Kwa mbinu hiyo Lola Fatoyinbo na Marc Simard walitoa mwaka 2013 vipimo vya mikoko ya Afrika nzima. Mwaka 2019 Simard na wenzake wakapanua kazi hadi dunia yote, na mikoko mirefu kupita yote ikapatikana Gabon, ikiwa na kimo cha mita 62.8. Waligundua kwamba mvua, joto na idadi ya vimbunga hueleza takriban robo tatu ya tofauti za kimo cha mikoko kutoka pwani moja hadi nyingine.

Mikoko ya Kenya, ambayo ni takriban hekta 61,000 na zaidi ya nusu yake iko Lamu, ni mifupi kuliko hiyo ya Gabon. Wenyeji wa huko walikuwa na vipimo vyao kabla ya leza kubuniwa, ila walipima unene: fito, pau, mazio, boriti, nguzo. Fundi akitaja boriti, mkataji anajua aingie na shoka sehemu gani ya mikoko. Ramani ya angani haiwezi kutofautisha pau na boriti. Aidha, ramani iliyotokana na safari ya Endeavour inaonyesha mikoko kama ilivyokuwa Februari 2000, na haijui lolote kuhusu iliyokatwa au kupandwa tangu hapo.

Rada ya wimbi la sentimita 70 ilichelewa kufika angani. Setilaiti ya shirika la anga za juu la Ulaya, ESA, iitwayo Biomass, ilirushwa kutoka Kourou katika Guyana ya Ufaransa mnamo Aprili 29, 2025, ikiwa na antena ya upana wa mita 12 inayokunjuliwa kama mwavuli. Kabla ya hapo, mwaka 2015 na 2016, ndege za Ulaya na Marekani zilipita juu ya misitu ya Gabon, ikiwemo Lopé na mikoko ya Pongara, kujaribu rada na leza juu ya miti ile ile iliyopimwa na watu walio chini.

Jambo moja kuhusu Biomass huwafurahisha wengi wanaolisikia mara ya kwanza. Hairuhusiwi kupima Ulaya wala Amerika Kaskazini, kwa sababu mawimbi yake yangeingiliana na rada za Marekani zinazofuatilia vyombo vya angani. Misitu ya Afrika, Amerika Kusini na Asia ndiyo itakayopimwa. Si mara nyingi sisi huhudumiwa kwanza.

MTI MMOJA NA FUTI

Vyombo vya angani havitafuti mti mmoja mmoja. Kazi hiyo ni ya leza inayobebwa na ndege au droni, ambayo hupiga sehemu nyingi katika kila mita mraba. Huko Sabah, Malaysia, leza ya ndege iliwaonyesha watafiti mwaka 2018 mti uliowazidi wenzake wote. Hawakuridhika na leza. Januari 2019 mpandaji alikwea hadi kileleni na kuteremsha utepe wa kupimia, nao ukasoma mita 100.8. Mrefu zaidi unaojulikana barani Afrika una mita 81.5 na umo katika bonde moja la Mlima Kilimanjaro, nchini Tanzania. Ni wa jamii ya Entandrophragma excelsum, na ulitangazwa mwaka 2016 na timu ya Andreas Hemp wa Chuo Kikuu cha Bayreuth, Ujerumani, iliyoupima kwa leza ya kushikwa mkononi.

RAMANI ZISIZO NA MAPENGO

Ikiwa GEDI hupima mistari tu, je, zile ramani za rangi zinazoonyesha kimo cha kila pembe ya dunia hutoka wapi? Hutoka kwenye kompyuta. Programu huonyeshwa maelfu kwa mamilioni ya mahali ambapo leza imepima kimo, pamoja na picha za kawaida za mahali hapo, hadi ijifunze uhusiano uliopo. Kisha hupewa picha za mahali ambapo leza haikufika na kuambiwa ikisie.

Mwaka 2021 Peter Potapov na wenzake wa Chuo Kikuu cha Maryland walitoa ramani ya namna hiyo yenye vipande vya mita 30 kwa 30. Mwaka 2023 watafiti wa chuo cha ETH Zurich nchini Uswisi wakatoa ya mita 10. Mwaka 2024 kampuni ya Meta na taasisi ya World Resources Institute zikatoa ya mita moja, ambayo mtu anaweza kuutambua mti wa mwembe nyuani kwake.

Kadiri ramani inavyopendeza ndivyo wasomaji wengi husahau kwamba ni makisio. Ile ya mwaka 2021 ilikosea kwa wastani wa takriban mita nne na nusu ilipolinganishwa na vipimo vya leza. Isitoshe, programu hizi huipunja miti mirefu. Picha ya kawaida ya msitu wa mita 30 na ile ya msitu wa mita 45 hufanana, na kompyuta, kama mwanafunzi asiyejua jibu, huchagua la katikati. Msitu wenye kaboni nyingi kuliko yote ndio unaoonewa.

Kuna hatari nyingine. Mtu akiichukua ramani ya mwaka mmoja na kuitoa katika ya mwaka mwingine ili aonyeshe jinsi miche yake ilivyokua, tofauti atakayopata huenda ikawa ndogo kuliko kosa la ramani zenyewe. Serikali ya Kenya ilizindua mwishoni mwa mwaka 2022 mpango wa kupanda miti bilioni 15 kufikia mwaka 2032. Mche uliopandwa miaka miwili iliyopita katika udongo mkavu wa Kitui huenda haujafika magotini mwa mtu. Hakuna ramani ya dunia inayoweza kuuona, na asikubali mtu kuambiwa kwamba umeonekana.

MITA MBILI AU TANO

Suala hilo linatufikisha mahali penye uzito kwa nchi yetu. Msitu ni nini? Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, husema ni ardhi isiyopungua nusu hekta, yenye miti inayofikia mita tano na ambayo vivuli vyake hufunika zaidi ya asilimia 10 ya ardhi hiyo. Kenya, katika taarifa yake kwa Umoja wa Mataifa mwaka 2020, ilitumia kipimo chake: nusu hekta, asilimia 15, na kimo cha mita mbili.

Kuna sababu ya kuchagua mita mbili. Sehemu kubwa ya Kenya ni kame, na migunga mingi ya Garissa, Turkana au Tana River haitafikia mita tano hata ikiishi miaka mia. Kuiita si msitu ni kuwanyima wafugaji wanaoitunza haki ya kuhesabiwa. Tathmini ya kitaifa ya mwaka 2021 ilisema miti imefunika asilimia 12.13 ya nchi, na misitu asilimia 8.83. Takwimu kama hizo hupanda au kushuka kutegemea mstari wa kimo unachorwa wapi.

Taabu ni kwamba mstari wa mita mbili umepita mahali ambapo leza ya angani ni dhaifu kuliko popote. Mmweko wa GEDI wenyewe si nukta. Una urefu, na urefu huo hubadilika kuwa zaidi ya mita mbili za kimo katika mchoro wa mwangwi. Mti ukiwa mfupi kuliko mita tatu hivi, kilima cha majani na kilima cha ardhi huungana kuwa kimoja. Katika nyika tambarare yenye mawe, kifaa kinaweza kusema pana kichaka cha mita mbili mahali pasipo na kitu, au kikose kukiona kilichopo. Leza iliyobuniwa kwa ajili ya Amazon na Kongo inapoulizwa habari za Garissa, hujibu kwa kubahatisha.

Setilaiti yetu wenyewe, Taifa-1, iliyorushwa Aprili 2023, haingeweza kusaidia hapo. Ilibeba kamera, na kamera, kama tulivyoona, huona rangi. Tiba kwa nyika ni leza ya droni au ndege, ambayo mmweko wake ni mfupi zaidi na doa lake ni dogo, pamoja na watu wanaotembea wakiwa na vijiti vya kupimia. Mgunga wa mita mbili na nusu hauhitaji klinomita. Mtu mmoja husimama kando yake na kijiti kilichotiwa alama, mwenzake akaandika.

Vikundi vya jamii vya kulinda misitu vinapoletewa ramani ya kimo na mtu anayetaka kununua kaboni yao, kuna maswali yanayofaa kuulizwa kabla ya kutia sahihi. Vipimo ni vya mwaka gani? Kila kipande cha ramani ni cha mita ngapi, na kosa lake la wastani ni kiasi gani? Je, mistari mingapi ya leza ilipita juu ya msitu huu wenyewe, na mingapi ilizuiwa na mawingu? Miteremko ilishughulikiwaje? Na ni vipande vingapi vilivyopimwa kwa mkono humu ndani, siyo katika nchi nyingine yenye miti inayofanana na hii? Swali hilo la mwisho ndilo ambalo mara nyingi hujibiwa kwa sauti ya chini.